Mtoto Ambaye Hakuvushwa

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Mama Orrie, Junie alianza kusogea kitini. Ilikuwa asubuhi, jua limejaa jikoni, na babu yake, Cleon Mabry, alikuwa anamkaangia yai. Kiti kilikuwa kipana na mtoto mwenyewe wa miaka mitatu tu, lakini alijibana pembeni kabisa, akaacha nafasi ya kutosha mtu mzima.

"Mbona umejikunyata hivyo?" Cleon akamuuliza.

"Nampisha bibi."

"Bibi yupi?"

"Huyu mwenye udongo."

Cleon akacheka, akamwekea yai mezani. Alipoinama akasikia harufu ya kafuri, ile wanayopakwa wagonjwa wa kitandani kifuani, na ndani ya nyumba yake hakukuwa na kafuri. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Cleon alikuwa msaka watoro wa dhamana. Ukikamatwa, ukatolewa na wale wadhamini wa kulipwa, halafu siku ya kesi usionekane, yeye ndiye anayetumwa kukurudisha. Wenzake huvunja milango usiku. Yeye hakuwahi kuvunja hata kitasa. Alisoma matangazo ya misiba na harusi gazetini, akaoka bakuli la makaroni na jibini, akavaa suti, akaenda kukaa na wafiwa. "Mtu ataikimbia mahakama," alipenda kujisifu, "lakini mama yake akifa atakuja tu." Na koo zetu hizi za visiwa vya Carolina zimetawanyika mpaka Detroit na New York, nani anawajua binamu wote? Ukitaja jina la babu fulani aliyehama zamani, unapewa kiti na sahani ya wali mwekundu. Siku hizi alikuwa anakwenda na mjukuu, kwa sababu mwanamume mwenye mtoto begani hashukiwi. Sheria ilikuwa upande wake, najua. Mimi bado namwita mwizi.

Kwa Mama Orrie alikuwa anamfuata Thad, mwana mkubwa wa marehemu. Thad aliikosa kesi yake kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kugeuzwa kitandani na mtu mwingine yeyote, na mahakama haina sikio la mambo kama hayo. Mazishi yalikwenda vizuri mpaka ikafika zamu ya watoto. Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, watoto wadogo wa ukoo huvushwa juu yake mmoja mmoja, ili marehemu asije akawatamani na kurudi kuwachukua. Mtu mmoja anamtoa mtoto upande huu, na mwana mkubwa wa marehemu anampokea ng'ambo.

"Na huyo wa kwako?" akauliza Mama Vernell, mdogo wake marehemu, bibi wa miaka themanini mwenye kofia ya zambarau. "Wewe wa nani vile?"

"Wa Ezekiel, Mama. Wa Detroit."

"Ezekiel naye alizaa mpaka wenye masikio makubwa hivi?" Watu wakacheka kidogo ndani ya machozi yao. "Haya, ni damu yetu. Mlete avushwe."

Cleon akasogea na Junie mkononi. Ng'ambo ya jeneza, Thad akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. Cleon alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu asubuhi. Kwa mkono mmoja alimkumbatia mtoto, na kwa mkono wa pili akaifunga pingu kwenye mikono ile iliyonyooshwa.

Thad hakupigana. Alisema kwa sauti ya chini, "Kaka, niache nimvushe huyu mtoto kwanza. Nitupe na udongo wangu. Nitakuja mwenyewe mpaka kwenye gari."

"Wote mnasema hivyohivyo," Cleon akajibu, akamvuta.

Mama Vernell aliwafuata mpaka getini. Hakumtazama Cleon. Alikuwa anamtazama Junie, aliyerudishwa upande uleule aliotokea, na alikuwa anatikisa kichwa.

Siku ya tano, saa sita mchana, udongo ukaanza kuanguka juu ya paa. Si mvua wala matawi. Konzi moja, kimya kidogo, konzi nyingine, kama watu wanavyotupa kaburini kwa zamu. Cleon akatoka na ngazi, akapanda, akakuta paa safi. Aliposhuka alimkuta Junie amesimama sebuleni na kiganja wazi, na ndani ya kiganja mchanga mweusi wa makaburini.

"Bibi anasema nishike, kwa sababu mwanawe hakutupa."

Tangu siku hiyo mtoto hakula. Sahani aliisukuma upande wa kiti kilichokuwa wazi, na chakula kikapoa hapo huku kikipungua ladha na rangi mpaka wali ukawa wa kijivu. Akakonda. Mama yake, Renata, binti pekee wa Cleon, alipokuwa anamwogesha akaona alama kwenye vifundo vya mikono yake, pale pingu hufungwa, duara mbili nyekundu zilizobonyea, na alipozigusa mtoto akalia kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya mwanamke mzee aliyechoka, ikisema mikono ya mwanangu inauma, mikono ya mwanangu inauma, huku harufu ya kafuri ikipanda kutoka kwenye maji ya beseni, na maji yenyewe, yaliyokuwa ya moto sasa hivi tu, yakiganda baridi mpaka vidole vya Renata vikafa ganzi ndani yake.

Renata alimkuta baba yake ukumbini.

"Baba, ulimpeleka wapi mwanangu?"

Cleon akasema yote. Renata hakupiga kelele. "Ulimchukua mwanangu ukamfanya chambo," alisema. "Akifa huyu, sina baba."

Walimpeleka kwa Bwana Isom, mzee wa mizizi anayekaa nyuma ya kanisa. Mzee alimnusa mtoto utosini, kisha akarudisha kiti chake nyuma hatua mbili.

"Mtoe, mzee wangu," Cleon akanong'ona. "Sema unachotaka."

"Simtoi. Aliyevamia ndiye anayetolewa. Huyu ulimwita mwenyewe. Ulisimama mbele ya jeneza lake ukasema mtoto ni damu yake, naye akakusikia. Damu yake ambayo haikuvushwa ni ya kwake, anaondoka nayo."

"Nilidanganya tu."

"Wewe ulidanganya. Yeye hakudanganya." Mzee alikuwa anaongea huku anautazama mlango. "Avushwe juu ya kaburi kabla Jumapili haijaisha. Umtoe wewe uliyemnyima. Ampokee yuleyule uliyemfunga mikono."

Cleon alikwenda jela. Alikaa mbele ya kioo, akashika simu ya ukutani, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alilia mbele ya mtu aliyemkamata. Thad alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto hana kosa," Thad akasema. "Ningempokea, hata sasa hivi." Akaweka viganja vyake kwenye kioo. "Mwambie basi jaji anifungulie. Dhamana wamenifutia, kwa sababu mimi ni mtoro. Nani alinileta hapa kama mtoro, binamu?"

"Nitafanya chochote."

"Ulishafanya." Akakata simu.

Jaji hakumpokea hata mlangoni. Jumapili mchana, ukoo wa Mama Orrie ulikuwa umekusanyika uani kwa Mama Vernell, kaa wanachemka kwenye sufuria kubwa, watu arobaini na zaidi. Cleon akaingia na Junie begani, Renata nyuma yake.

"Binamu wa Detroit," Mama Vernell akasema. "Leo hujaleta makaroni?"

Cleon akapiga magoti kwenye mchanga, na suti yake. Akaomba mwanamume mmoja tu, yeyote, asimame ng'ambo ya kaburi. Mama Vernell aliziangalia alama za mtoto muda mrefu, na uso wake ukamlegea, kwa sababu hakuwa mwanamke mbaya.

"Hatumkatalii mtoto," akasema. "Ila nafasi ile ina mwenyewe. Mwingine akisimama pale, dada yangu atamchukua na yeye. Akimpokea mwenyewe, mtoto atamwacha, ila wewe atakutoza damu yako kwa ile uliyoidanganya. Twende. Mvushe, tuone."

Wakaenda wote makaburini, jua kali, hakuna jani linalotikisika. Wakasimama upande mmoja. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Cleon akamshika Junie kwapani, akamnyoosha juu ya tuta la udongo, na mtoto aliyekonda vile alikuwa mzito mno, kila pumzi mzito zaidi, mpaka jasho likamwingia machoni, na chini yake akasikia udongo ukikwaruzwa kwa ndani, na kafuri ikamjaa puani na kooni akashindwa kuita hata jina la Mungu, na bado ng'ambo hapakuwa na mtu, ila mchanga upande ule ulikuwa umebonyea mahali pawili, nyayo za mtu mzima asiyevaa viatu.

Kisha Junie akapokelewa. Wote waliona. Hakuangushwa, alitolewa mikononi mwa Cleon taratibu, akapita hewani, akawekwa chini ng'ambo ya kaburi, na mtu asiyeonekana akamnyoosha gauni. Alama zikafutika mikononi mwake. Harufu ikakatika papo hapo. Mtoto akacheka, akasema ana njaa.

Renata akalizunguka kaburi mbio, akamwinua, akambusu kila mahali. Cleon akawafuata akilia, mikono wazi.

Junie akajificha shingoni kwa mama yake. "Mama, huyu babu ni nani?"

"Junie, ni mimi," Cleon akasema. "Renata, mwambie."

Renata akamgeukia. Cleon alitafuta ile hasira ya ukumbini, akaitamani, hakuiona. Binti yake alikuwa anamtazama kwa adabu na huruma kidogo, kama unavyomtazama mzee unayemkuta peke yake mahali pa msiba. Akamweka mtoto vizuri kiunoni na kurudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Pole. Na wewe una mtu wako hapa?"