Tone Jekundu Kando ya Waya

Mchana ule, kwenye ukumbi wa mafundi simu na saa, watu walibanana hata mkono wa kuchomoa leso ulikosa nafasi. Mtafiti mmoja, dada aliyevaa gauni la rangi ya machungwa lenye vifungo vya mbao mpaka magotini, akapigwa kikumbo, kikasha chake kikamponyoka. Hakikufika chini. Mkono ulichomoza nyuma ya meza ya saa ukakidaka.

"Dada, umebeba nini kinachokutoa jasho hivi?"

"Kijiwe. Mashine yetu ya kubandika nyaya kule maabara imekufa. Nimezunguka meza kumi na moja, kila fundi ananicheka."

Fundi Saa akabana lenzi jichoni, akafungua. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono, na kucha zake zilikuwa safi kama za mkunga. Akaona kigae kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na juu yake mistari mitatu ya madini.

"Kinafanya nini?"

"Umeme haupiti ndani yake hata uukemee. Lakini ni sumaku. Usumaku wake ukitikiswa kwenye mstari wa kwanza, mtikisiko unasafiri hadi wa tatu. Kama habari kwenye foleni: hakuna anayehama, kila mtu anamgusa tu mwenzake begani."

"Na huyu wa katikati?"

"Mlinzi wa lango. Nikimpitishia umeme upande huu, mtikisiko unazidi. Nikiugeuza, unafifia."

"Na lango lako wewe, dada, lina mlinzi?"

Akacheka bila kupenda. Fundi akabandika nyaya sita nyembamba kuliko unywele, kwa gundi yenye unga wa fedha, akibana pumzi kila alipogusa.

Kuanzia hapo simu hazikukauka.

"Daktari wa Mawe, umekula?"

"Bado, mpenzi. Mtikisiko wangu leo mvivu."

"Mwambie namjua bosi wake."

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha zikabaki siku nne jopo la wakaguzi lije kuamua kama mradi wa dada uendelee au ufungwe. Fundi alikuwa amembandikia nyaya kigae kipya. Siku mbili za mwanzo kilikuwa kimetii. Siku hiyo dada akakitoa, akakisafisha, akakirudisha katikati ya sumaku kubwa, na grafu ikamgeuka: penye kupanda ikashuka, penye kushuka ikapanda.

"Fundi wako wa mtaani amebadilisha nyaya alipokuja kukaza ule waya uliolegea," alisema mkuu wa maabara. "Andika hivyo kwenye ripoti, tumalize."

Dada akapiga simu kwa hasira. "Umegeuza nyaya za katikati!"

"Sijageuza, mpenzi."

"Grafu inasema umegeuza."

"Basi olewa na grafu." Akakata.

Siku mbili simu ikawa kimya kama kijiko kabatini. Asubuhi ya tatu, ripoti ikiwa imebakiza picha tu, dada akasogeza hadubini juu ya kigae bila kukigusa. Kando ya waya wa kwanza akaona tone jekundu, dogo kama kichwa cha sisimizi. Aliijua ile rangi ya kucha. Kila saa aliyoifungua, Fundi aliitia tone penye skrubu ya kwanza, "ili nikirudisha, nijue upande."

Tone lilipaswa kuwa kushoto. Lilikuwa kulia. Nyaya zilikuwa mahali pake. Yeye mwenyewe, baada ya kusafisha, ndiye aliyekirudisha kigae nyuma mbele, sumaku ikakielekea kinyume. Akakigeuza. Grafu ikapanda kama ilivyotakiwa.

Akaenda kwa mkuu. "Kosa ni langu. Nitaliambia jopo."

"Utajichafua bure. Fundi hana cha kupoteza."

"Ana jina lake. Na litakaa kwenye ripoti, la pili baada ya langu."

"Mtu wa meza ya saa?"

"Huyo huyo. Ukilitoa, toa na langu."

Jopo lilinuna, likataka kuona kwa macho. Akakigeuza kigae mara nne, grafu ikageuka mara nne. Mradi ukapona. Mkuu akamhamishia meza yake kwenye korido, jirani na choo. Dada akaipangusa vumbi, akaweka vitabu vyake, akavua koti la maabara juu ya gauni lake la rangi ya machungwa, akatoka.

Kwenye ukumbi, Fundi hakuinua jicho. "Tunahudumia kwa foleni, dada."

Akapanga foleni, nyuma ya mama aliyekumbatia saa ya ukutani. Lakini kusubiri kukamshinda.

"Nilikusingizia!" akasema kwa sauti. "Nimeliona tone. Mimi ndiye niliyegeuza."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, nikasikiliza grafu. Na nyumbani wanasema nikiolewa na fundi wa meza nimejishusha."

"Wewe unasemaje?"

"Nimekuja kuposa. Leo, mbele ya wote."

Habari ikapita kwenye foleni, bega kwa bega, hakuna aliyehama.

"Mkubali basi, mwanangu," alisema yule mama, "saa yangu inasubiri!"

Fundi akavua lenzi. Akachukua kichupa chake, akaushika mkono wa dada, akatia tone jekundu kwenye ukucha wa kidole cha pete.

"Ndiyo nini hiki?"

"Alama, mke wangu. Ili kesho usije ukasema nimekugeuza."