Mahali pa Kumlaza Filda

Kila asubuhi kabla ya shule Lakica alichota madumu mawili ya maji bombani, mtaani kwao Kyebando, Kampala, akafagia mlangoni, kisha akamchemshia baba yake chai. Baba yake, Augustin, alikuwa askari polisi, na chai yake ilipaswa kuwa tayari kabla hajafunga kamba za viatu. Wiki ile Lakica hakwenda shule, lakini maji aliyachota vile vile. Mama yake, Filda, alikuwa amefariki hospitalini kwa homa, na hii ilikuwa siku ya sita mwili wake ukiwa bado mochwari. Lakica alikuwa na miaka kumi na miwili na alijua kwamba mama hatarudi. Alichotaka ni mama azikwe, na kabla ya hapo auone uso wake mara ya mwisho.

Kilichozuia mazishi ni ugomvi wa watu wazima. Baba, Mlugbara wa Arua, alitaka kumzika mkewe kwao. Bibi Lamwaka, mama yake Filda, alifika kwa basi kutoka Gulu, kaskazini, akaenda moja kwa moja hospitalini na kusema mwanawe hatoki pale mpaka wazungumze. Baba aliona ameaibishwa mbele ya askari wenzake waliokuja na gari, naye akakataa kuzungumza. Ukaidi wa watu hawa wawili ungetosha mtaa mzima.

Mkubwa wa baba kazini ndiye aliyemsukuma akubali kuzungumza. Alimwambia kwamba kuna chuo mjini ambako mawakili wanajifunza usuluhishi, na familia zenye ugomvi husaidiwa bure mbele ya mwalimu wao. Watu waliosomea kushinda kesi sasa walikuwa wakifundishwa kuacha kushinda, na wengi wao iliwawia vigumu kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wao aliitwa Hajati Zulaikha, hakimu mstaafu, Mnubi, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Shauri la Filda alimpa Wakili Kiggundu, kijana nadhifu mwenye daftari jipya.

Kwa kuwa baba na bibi hawakuweza kutazamana bila kufoka, siku hiyo ya sita kila mmoja aliwekwa chumba chake, na wakili akawa anapeleka maneno huku na huku. Hajati alikuwa amewafundisha kanuni moja: kabla hujabeba neno la mtu, lirudie mbele yake, umwulize kama ndivyo alivyosema. Baba alimtuma Lakica akae na bibi yake, akamwonya asitie mdomo katika mambo ya wakubwa.

Bibi alijifunza Kiswahili zamani, katika kambi ya jeshi alikofanya kazi mumewe. Alikisema polepole.

"Mimi sitaki vita na yeye," alimwambia wakili. "Lakini mwanamke ya watu hawezi zikwa tu hivi. Nataka mahali kwanza."

"Unataka mahali kwanza," wakili alirudia. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

Kanuni ilikuwa imetimizwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiggundu alikuwa Muganda, na ulimi wa Waganda wengi huzichanganya r na l. Hata yale mahari ambayo mume huwapa wakwe, kinywani mwake yalitoka "mahali". Tena alikuwa amesikia kwamba watu wa kaskazini hawaruhusu mwanamke azikwe kabla mahari hayajatolewa. Kwa hiyo, kabla bibi hajafungua mdomo, wakili alikuwa ameshajua atakachosema. Akaandika daftarini: mahari.

Ukuta wa kugawa vyumba ulikuwa wa mbao nyembamba, na Lakica alisikia kila kitu. Wakili alisema, "Afande, mama anataka mahali kwanza." Baba alikuwa ameishi Kampala miaka mingi na alikizoea Kiswahili cha Waganda. Alilisikia neno lile akalirekebisha mwenyewe kichwani. Mahari hakuwahi kuyamaliza, na aibu hiyo alikuwa nayo siku zote. Akaipiga meza kwa kiganja.

"Anataka mahari juu ya maiti? Mwambie mimi sina."

Wakili alirudi kwa bibi akiwa na huzuni ya kweli. "Mama, afande anasema mahali hana."

Bibi alivuta kitambaa chake akafunika uso. "Basi mtoto yangu hana mahali," alisema. "Nitamrudisha kwetu." Akainuka na kutoka.

Lakica alibaki kitini. Alikuwa amesikia r ya baba kwa masikio yake, na alijua bibi hakuisema. Tena alijua kwamba mahali pa kaburi pamekwisha kuchaguliwa. Siku ya pili ya msiba baba alizungumza na kaka yake wa Arua kwa simu, na Lakica alisikia pakitajwa: karibu na kaburi la mama yake baba, nyumbani kabisa. Alijiambia kwamba wakili amesoma na ataligundua kosa mwenyewe. Akakumbuka onyo la baba. Aliogopa, ndiyo kweli yenyewe, na akanyamaza.

Siku mbili zikapita, kisha ya tatu. Nyumbani baba alikula kidogo na hakusema na mtu. Bibi, aliyefikia kwa jamaa zake mtaa wa Namuwongo, alikuwa akiulizia gari la kwenda Gulu. Mhudumu wa mochwari alimpigia baba simu akasema wasichelewe zaidi.

Siku ya tisa Hajati Zulaikha mwenyewe aliketi katika chumba cha bibi na kumtaka Kiggundu aeleze alikofikia. Wakili alisoma daftarini kwamba mama anadai mahali na mume hana. Hajati alimwuliza kama alihakikisha. Akajibu kwamba alirudia na mama akakubali, jambo ambalo lilikuwa kweli. Bibi naye alitikisa kichwa kukubali tena. Kosa lilikuwa limekaa katikati yao, na kila mtu alikuwa akilitilia muhuri.

Lakica alisimama.

"Hajati, samahani. Wakili amepeleka mahali, na baba amesikia mahari, ile ya ndoa. Bibi anataka mahali ya kumlaza mama. Na baba ako nayo. Iko Arua, karibu na kaburi ya mama yake."

Hajati alilichukua daftari, akaliona neno mahari, akafunga macho kidogo. Kisha akaagiza baba aletwe na kuketishwa mbele ya mama mkwe wake, akamwambia bibi asilitumie tena neno lile, bali aeleze kitu anachokitaka.

"Nataka alale nyumbani, katikati ya watu," alisema bibi. "Asiwekwe kando ya kichaka kama mpita njia. Na nionyeshwe, nikikuja nijue."

Baba alivua kofia yake ya kazi. "Mama, nilishachagua kabla hujafika. Karibu na kaburi la mama yangu, pale pale nyumbani." Akalia, yeye ambaye Lakica hakuwahi kumwona akilia. Bibi akamshika mkono. Kiggundu aliomba radhi bila kujitetea, na kwa wakili hilo si jambo dogo.

Alasiri ile ile walikwenda kumchukua Filda, na Hajati akafuatana nao. Mhudumu aliwaambia kwa upole kwamba sanduku halitafunguliwa. Siku zimekuwa nyingi mno.

Lakica aliweka kiganja juu ya mbao. "Hajati," aliuliza, "ningesema siku ile ya kwanza, ningemwona?"

Hajati Zulaikha hakuwa mtu wa kuwadanganya watoto. "Ungemwona," alisema. Kisha aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. "Lakini sikiliza vizuri. Mimi nilimfundisha wakili kurudia maneno, sikumfundisha kuuliza maana yake. Baba yako na bibi yako walikasirika kabla ya kuuliza. Hilo ni letu, wakubwa. Lako ni moja tu: uliujua ukweli ukauficha kwa sababu ya woga. Adabu haimkatazi mtoto kusema kweli. Ukijua jambo la kupatanisha watu, omba ruhusa, uliseme siku ile ile. Leo umelisema, na mama yako anakwenda nyumbani."

Lakica aliitikia, akafuta machozi, akapanda gari. Alikaa kati ya baba na bibi njia nzima ya kwenda Arua. Kila baba alipokunja uso kwa neno la bibi, Lakica alimgeukia bibi na kumwuliza ana maana gani, kisha akamweleza baba.