Hodi ya Mama Kwenye Sehemu ya Tisa

"Dada! Njoo uone! Haraka!"

Dada mtu alitoka jikoni mbio kumfuata mdogo wake sebuleni, mikono imejaa povu la sabuni. Kwenye televisheni, mwanamke mzee alikuwa amesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, jua la mchana likimwakia utosini, akigonga taratibu.

"Hodi wenyewe. Nimepita tu kusalimia."

Ghafla muziki wa kutisha ukalipuka. Yule mzee akageuka, macho meupe pee, damu ikimtiririka mdomoni.

"Huyo si mama?" dada aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mama. Hata maneno ni yake."

Mama yao alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mwaka wake wa mwisho alisahau kila kitu, akawa anatoka nje na kupiga hodi kwake mwenyewe. Dada hakuwahi kumsimulia mtu habari hiyo. Mdogo wake alimsimulia mtu mmoja tu: mpenzi wake.

Akampigia hapo hapo.

"Mpenzi, nilikuwa nakuwaza..."

"Wewe kazi yako ni kuandika matangazo ya sabuni, siyo?"

Mpenzi akaanza kugugumia.

"Nakuuliza wewe!"

"Naandika tamthilia. Hiyo hiyo unayoitazama. Naomba nikueleze..."

Akakata simu, akaitupa kwenye kochi, akalia kama mtoto.

Binti huyo alikuwa fundi miwani. Jumatatu mpaka Ijumaa alipima macho ya watu na kuwakatia vioo. Jumamosi mchana alitazama tamthilia za kutisha na za mafumbo, kisha akaandika maoni yake kwenye ukurasa wake mtandaoni. Wafuasi wake walimwita Jicho Kali, na hakuwa na huruma hata chembe. "Muuaji nimemjua sehemu ya pili, sasa hizi nyingine nane za nini?" "Mzimu ukija na ngoma unanishtua tu. Nitishe kwa kitu ninachokipenda."

Miezi minane iliyopita, mwanaume mmoja mpole alikuja dukani kwake kupima macho. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha tamthilia, na fundi akasema, huku amemshikia kioo usoni, "Aliyeandika hii arudishwe shule." Tamthilia ile ilikuwa ya mteja mwenyewe. Alipoulizwa anafanya kazi gani, akasema matangazo ya sabuni. Uongo ule ukamganda, na mapenzi yakaota juu yake.

Jioni ya Jumamosi ile ya sehemu ya tisa, ujumbe wake uliingia mfululizo.

"Nisamehe."

"Niliandika kwa sababu kisa cha mama kilinigusa. Nikakiharibu."

"Niambie hata neno moja."

Alijibu moja tu: "Ulinishika mkono nikikusimulia. Kumbe ulikuwa unachukua maelezo."

Siku tatu zikapita bila salamu. Jumatano asubuhi dada akampigia simu akiwa kazini.

"Umefungua ukurasa wako leo?"

"Sina hamu."

"Fungua. Shemeji kajianika mchana kweupe."

Kweli. Chini ya maoni yake ya mwisho, mbele ya wafuasi wake wote, mwanaume yule alikuwa ameandika: "Sehemu ya tisa niliiandika mimi. Kisa cha yule mama nilikichukua kwa mtu aliyeniamini, bila ruhusa yake. Mama yule hakuwa mzimu. Alikuwa mgonjwa, na watoto wake walimpenda. Kosa ni langu peke yangu."

Hajamaliza kusoma, mlango wa duka ukafunguliwa. Ni yeye, amebana karatasi kifuani, macho mekundu.

"Sikuja kuomba turudiane," alisema. "Nimekuja uone hizi kwanza."

"Bosi wako ameona ulichoandika?"

"Ameona. Msimu ujao huenda nisiwepo."

"Na bado umeandika?"

"Ningefanyaje? Wewe ndiye niliyekukosea, siyo yeye."

Alitaka kumfukuza. Badala yake akavuta kiti. "Kaa. Lete hizo karatasi."

Ilikuwa sehemu ya mwisho, inarekodiwa kesho yake. Mama anapiga hodi tena. Binti anafungua na kuanza kulia. Fundi alisoma, akatikisa kichwa.

"Mbaya."

"Mbaya wapi?"

"Hatukuwa tunalia mbele yake. Dada alikuwa anafungua mlango na kusema, 'Karibu mgeni, umetoka mbali?' Mama anacheka, anakaa, anapewa chai. Kila siku. Wakati mwingine mara nne. Kutisha kulikuwa kunakuja baadaye, anapokuuliza, 'Na wewe binti mzuri, mama yako yuko wapi?'"

Mwanaume aliweka kalamu chini. Hakuandika kitu.

"Mbona huandiki?"

"Sijapewa ruhusa."

Fundi akaichukua ile kalamu, akamwekea mkononi.

"Andika. Ila nampigia dada kwanza, yule ni mama yake pia."

Dada alikubali, kwa sharti kwamba damu na macho meupe yasionekane tena.

Jumamosi mchana walikaa watatu kwenye kochi moja. Mlango ukagongwa kwenye televisheni, binti akafungua, mgeni akakaribishwa chai. Hapakuwa na muziki. Mama alipouliza lile swali lake, dada alijifunika uso kwa khanga, na shemeji mtu akalia waziwazi kuliko wote.

"Jicho Kali, unasemaje?" aliuliza akijifuta.

"Umejitahidi."

"Basi na hili nalo unipe maoni." Alishuka kwenye kochi, akapiga magoti kwenye zulia. "Nataka kukuoa. Sina pete bado, na kazi yenyewe inayumba."

"Na uongo?"

"Hata wa sabuni sirudii."

Dada akafunua uso. "Mdogo wangu, jibu! Atachubuka magoti."

"Nimekubali," alisema, akimvuta shati ainuke. "Inuka basi."

Baadaye wafuasi walianza kuulizia maoni ya sehemu ya mwisho. Akaandika: "Samahanini, hii siwezi kuihukumu. Mwandishi wake ni mchumba wangu, na hapa alipo analia bado."