Karatasi Iliyokaa na Tiketi

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1963, saa mbili na robo asubuhi, kwenye gati la Hell-Ville, mji wa kisiwani, karani Kamardine alizipokea karatasi za Athoumani dirishani, akazipekua moja moja kama mtu anayechambua mchele.

"Tiketi mbili za Mahajanga. Sawa. Hii nyingine si tiketi."

Akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Bwana, mke wangu anaumwa," Athoumani alisema. "Anatapika tangu alfajiri. Daktari wenu hayupo. Nataka nimfikishe hospitali ya Mahajanga."

"Boti haiendi Mahajanga leo."

"Si ile pale? Moshi unatoka."

"Imechukuliwa. Wageni wa serikali wanatembezwa visiwani. Wanakwenda Nosy Komba kulisha komba ndizi. Daktari amefuatana nao, isije mgeni akapigwa na jua."

"Nani kaamuru?"

"Amri imetoka juu."

"Juu wapi? Mimi ni mpakizi wa bandarini, juu ninayoijua ni ya winchi."

Kamardine akamjibu kwa Kifaransa, ilhali mama yake mzazi alikuwa Mkomoro anayeuza maandazi nyuma ya soko, na kila mtu pale alimjua. Boti nyingine ni Jumamosi. Aje anayefuata.

Uhuru ulikuwa na miaka mitatu. Kiti kilikuwa kilekile cha Wafaransa, yalibadilika makalio tu.

Zalia alikuwa amekaa juu ya mfuko wao wa safari, kwenye kivuli cha ukuta wa forodha, uso wote kaupaka liwa nzito ya msandali kama alivyoupaka kila asubuhi ya safari ile.

"Wamekubali?"

"Jumamosi."

"Basi tumeongezewa siku tatu za matembezi," alisema. Akacheka kidogo, mkono umeshika ubavu wa kulia.

Safari hiyo Athoumani alikuwa amemwahidi tangu uchumba. Miaka tisa. Kila mwaka bosi alisema likizo mwakani, meli ni nyingi. Akaja bosi wa Kimalagasi badala ya Mfaransa, naye akasema likizo mwakani. Siku likizo ilipotoka, Athoumani alikwenda nyumbani mbio kama kijana aliyekubaliwa posa. Binti yao Hayrat wakamwacha kwa Oumi, dada yake Zalia.

Kwenye bandari ya Mahajanga, kabla ya kupanda, Zalia alimtilia karatasi moja iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa shati.

"Iweke pamoja na tiketi, Baba Hayrat. Usiitupe."

"Ya nini?"

"Ya safari."

Athoumani kusoma hakujua. Alisoma Kurani udogoni, na herufi za Kizungu alizijua mbili tu, zile zilizopigwa chapa kwenye magunia. Akaiweka.

Jumapili walikwenda kuona langilangi. Miti yenyewe ilikuwa imepindwa na kufupishwa ili wachumaji wafikie maua, imekaa kama vikongwe wanaotafuta sindano chini. Kiwandani waliona masufuria makubwa ya shaba yakichemka na mafuta yakidondoka tone moja moja. Zalia alinusa mpaka akashika ukuta.

"Harufu imekulevya?"

"Imenilevya. Ningeolewa hapa, ningekuwa mlevi."

"Macho yako mekundu. Hapana, yana rangi gani haya?"

"Ni chumvi ya baharini. Nitazame liwa, usinitazame macho. Nimeipaka kwa ajili yako."

"Imekupendeza. Ipake hivyohivyo kila siku."

Hilo neno Athoumani alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Jumatatu walipanda lori mpaka kilele cha mlima Passot. Kutoka juu waliyaona yale maziwa yaliyolala ndani ya midomo ya volkano, moja la kijani, jingine jeusi, na mwenyeji mmoja akawaonya wasinyooshe kidole, maana wafalme wa zamani wamelala mle, anayewaonyesha hukunja ngumi. Zalia akaonyesha kwa ngumi, huku akicheka. Karibu nao walikaa mwalimu wa shule na mkewe, wanasoma gazeti.

"Karatasi ipo?" Zalia aliuliza ghafla.

"Ipo."

"Hujaitoa?"

"Niitoe nimpe nani? Tiketi si mpaka Jumatano?"

Akawatazama yule mwalimu na mkewe kitambo kirefu, kisha akasema anataka kushuka.

Jumanne alikataa kupumzika. Hana shida ila kuiona Nosy Komba, alisema. Komba mweusi dume alimrukia begani, jike la hudhurungi likaja nyuma yake, na Zalia akawagawia ndizi nusu kwa nusu.

"Unaona? Dume linamngoja mkewe ale."

"Linamngoja kwa sababu halina bosi," Athoumani alijibu.

Zalia alicheka sana siku ile. Alfajiri yake akaanza kutapika.

Hiyo Jumatano, walipofukuzwa gatini, Athoumani alimrudisha mkewe kijijini Ambanoro kwa Bi Chamsia, binamu wa mama yake Zalia, ambaye ndiye aliyewapangisha chumba. Bi Chamsia akamlaza mkekani, akalowesha kitambaa, akaanza kumfuta liwa usoni ili apate hewa. Alifuta shavu moja. Mkono ukasimama.

"Athoumani. Mwanangu, hebu njoo."

Chini ya liwa, uso wa Zalia ulikuwa wa manjano kama bizari. Paji, mashavu, kidevu, kote. Athoumani alikuwa amelala naye siku nne, kamsifu siku nne, hakuuona.

"Usinitazame hivyo," Zalia alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu langilangi."

"Mwongo wewe."

"Mimi ni mwongo. Lete maji."

Alimshika kichwa akamnywesha. Nusu yakamwagika.

"Ungeniambia, Mama Hayrat. Tungekaa nyumbani. Kisiwa kingetungoja."

"Kisiwa ndiyo," alisema.

Muuguzi aliletwa, akachoma sindano, akasema dawa yenyewe iko kwa daktari, na ufunguo wa kabati daktari kaondoka nao. Alhamisi, wakati adhana ya alasiri inamalizika, Zalia aliuliza kama komba hulala mtini au chini. Athoumani alisema mtini. Hilo ndilo jambo la mwisho alilomwambia mkewe.

Jioni ile ndipo wageni wa serikali waliporudi. Walipita na gari wakiwa wamevaa shada za langilangi shingoni.

Pale posta Athoumani akamtajia mtu maneno ya simu ya kwenda kwa Oumi, naye akayaandika: ZALIA AMEFARIKI ALHAMISI STOP TUNAZIKA AMBANORO STOP HAYRAT ASIAMBIWE MPAKA NIFIKE.

Jumatatu alifika Mahajanga. Alimwambia Hayrat yeye mwenyewe, na hayo hayasimuliwi. Watu walipokwisha kuondoka, Oumi alimwomba karatasi zote za safari, kwa ajili ya kuandikisha kifo ofisini. Oumi alikuwa na madarasa sita. Alizitenga: kitambulisho, tiketi, tiketi. Akaikunjua ya nne.

Alisoma. Akarudia tena.

"Shemeji, hii nani alikupa?"

"Dada yako. Ya safari."

"Ni ya zahanati. Ya Alhamisi, siku moja kabla hamjaondoka." Akafuata mistari kwa kidole. "Inasema ini limevimba. Asisafiri. Alazwe Jumatatu bila kukosa."

Athoumani aliichukua, akaikunja tena kwa mikunjo ileile.

"Karani wa boti, Kamardine, aliishika," alisema. "Aliisoma. Alisema si tiketi."

"Aliisoma?"

"Anajua kusoma yule. Ndiyo kazi aliyopewa."

Kesho yake alikwenda nayo kwa bwana mmoja wa serikali mwenye meza kubwa na feni. Yule bwana aliitazama, akamtazama na mwenye kuileta.

"Pole sana, mzee. Lakini karatasi hii ilikuwa mfukoni mwa nani?"

"Mwangu."

"Basi. Kama una malalamiko, andika barua."

"Siandiki."

"Tafuta mtu akuandikie."

Akamsogezea kidau cha wino, aweke dole gumba kwamba amepokelewa na kusikilizwa. Athoumani akaweka. Alijuta kabla wino haujakauka.

Jioni alimkuta Oumi ukumbini akimsuka Hayrat. Nyumba ilikuwa ya Zalia, kama desturi yao ya nyumba kuwa ya mwanamke, na sasa ilikuwa ya mtoto. Bakuli la liwa bado liko dirishani, na jiwe lake la kusagia. Hakuna aliyeligusa.

"Shemeji Oumi."

"Naam."

"Dada yako angekuwa anataka kunificha kitu, angekichoma. Jiko lilikuwa linawaka asubuhi ile tunaondoka."

Oumi aliacha kusuka.

"Na angekuwa anataka nijue, angeniambia. Mdomo alikuwa nao." Akaitoa ile karatasi, mikunjo yake minne imeanza kuchanika. "Kule kileleni aliniuliza, ipo? Mwalimu wa shule amekaa hapa, karibu kama ulivyokaa wewe. Nikasema ipo. Nikamwambia nimpe nani."

Hayrat aligeuza kichwa, nywele nusu zimesukwa.

"Miaka tisa aliishi na mimi, alijua sisomi," Athoumani alisema. "Sasa niambie, Oumi. Alinipa kwa sababu mimi ndiye mtu pekee asiyeweza kuisoma, au alinipa akiomba nimpe mtu anisomee?"