Uyoga Uliokatwa Mikia

Kwetu Ntalikwa, siku za uyoga mtu haoshi uso kwanza. Anashika kapu anaingia porini, uso atauosha akirudi. Mjukuu wangu Kabula, wa darasa la sita, ndivyo alivyokuwa akifanya kila Jumamosi na bibi yake, Suzana. Wakirudi, bibi anaumwaga uyoga wote kwenye ungo, anauangalia mmoja mmoja, ndipo unapelekwa mjini kuuzwa. Mimi shule niliishia la pili, lakini sheria hiyo naijua: uyoga hauendi kwa mtu kabla haujapita kwenye ungo.

Mwaka huu mambo yalikataa. Mvua ilinyesha mara mbili, ikaondoka. Mahindi yakakauka yakiwa urefu wa goti. Halafu Suzana akashikwa na homa, halafu unga ukaisha. Nawaambia haya, wajukuu zangu, mjue kwamba Kabula si mtoto mbaya. Alikuwa na njaa, na alituona na sisi wazee tuna njaa.

Jumamosi hiyo alikwenda porini peke yake, akarudi kapu limejaa. Nilishangaa, maana ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu.

"Umeupata wapi wote huu?"

"Kwenye kichuguu, babu. Kile kikubwa."

Macho yangu yana ukungu, na njaa nayo inamharakisha mtu. Ungo ulikuwa unaning'inia ukutani. Sikuutungua. Nikasema twende kabla jua halijawa kali.

Tulianzia mjini Tabora, mtaa wa Chemchem, kwa Mwanahawa, mama wa watoto wanne, mteja wa Suzana wa miaka mingi.

"Shikamoo babu. Leo umekuja mwenyewe, bibi kakuchoka?"

"Marahaba mwanangu. Anaumwa. Kunichoka, alinichoka zamani."

Akacheka, akashika uyoga mmoja akaugeuza. Sasa, uyoga wa kichuguu una mkia mrefu unaozama chini kwenye udongo wa mchwa. Mnunuzi wa Tabora anautafuta huo mkia kwanza.

"Mbona mmeukata mikia?"

"Nimekusaidia, mama," Kabula akasema. "Usihangaike kuosha udongo."

"Huyu mtoto ana akili," Mwanahawa akasema, akachukua bakuli mbili. Na mimi nikacheka. Tena nilijisikia fahari, mzee mzima.

Tukashika njia ya Ipuli, kwa wateja wengine. Kutembea na mimi ni kusikiliza hadithi, utake usitake. Nikamwambia Kabula kwamba huku kwetu walipita wapagazi, mizigo mabegani, kwenda pwani na kurudi. Babu yangu alinisimulia kwamba wapo walioishiwa chakula, wakachuma porini wasichokijua, wakala, wakabaki njiani.

"Walikufa hapo hapo?" Kabula akauliza.

"Wapi. Uyoga mbaya una ujanja. Unaula leo, unalala vizuri. Kesho unatapika, unaharisha, halafu unapata nafuu, unasema nimepona. Hapo ndipo unakufa."

"Hata ukipikwa sana?"

"Hata ukipikwa mpaka kesho."

Akasimama. Akatua kapu chini, asinitazame.

"Babu, ule wa kichuguu ulikuwa kidogo, kiganja kimoja tu. Mwingine nimeutoa chini ya miti. Siujui. Nimekata mikia ili msiutambue."

Sikumpiga, hata kumgombeza sikumgombeza. Nikamwambia, "Kimbia. Mwambie wasile. Maneno mengine baadaye, sema wasile. Mimi nakuja nyuma."

Alikimbia. Mimi nikafuata na fimbo yangu na lile kapu, na njia ile niliyoipita asubuhi ikawa ndefu mara kumi.

Nilipofika nilikuta sufuria imepinduliwa majivuni, uyoga na karanga zake, unatoa mvuke. Nasri, kitinda mimba wa Mwanahawa, alikuwa analia anataka kula. Kabula alipiga magoti uani, anahema.

"Mmekula?" nikauliza.

"Hatujala. Nilikuwa nasonga ugali," Mwanahawa akasema.

"Nisamehe, mama," Kabula akasema. "Nilijua siujui, nikakuuzia."

Mwanahawa akamnyanyua Nasri. "Umekuja kusema, nakushukuru. Lakini babu, kwenu sinunui tena. Nikiuona uyoga wenu nitamwona Nasri ndani ya sanda."

"Una haki, mwanangu," nikasema, nikamrudishia hela yake.

Tukachimba shimo nyuma ya nyumba, tukafukia uyoga wote. Hata ule mzuri tuliufukia, maana nani angeutenganisha sasa?

Njiani kurudi Kabula akasema, "Ningenyamaza, tungekuwa na unga."

"Tungekuwa nao," nikamjibu. Sikutaka kumdanganya.

Jioni tulikunywa maji ya moto yenye chumvi. Kabula alimweleza bibi yake yote, tangu mwanzo, bila kusukumwa. Bibi alisikiliza, akageukia ukuta. Habari ilienea Chemchem nzima, na wateja wetu wote wakatuacha. Mvua haijarudi. Leo ninapowasimulia, mbingu ni nyeupe tupu, na sijui mwaka huu tutaumalizaje.

Lakini nilimwambia Kabula, na ninyi nawaambia. Alikosea kuuza asichokijua. Mimi nilikosea zaidi, kwa sababu niliona kapu limejaa nikapenda kudanganywa. Njaa ikikubana, hapo ndipo uangalie mara mbili. Cha porini usichokijua usikichume, hata kiwe kizuri namna gani. Na ukishakosea, usingoje aibu ipungue, kwa sababu aibu haipungui. Nenda ukaseme chakula kikiwa bado jikoni. Sisi tumelala na njaa, ndiyo, lakini Chemchem hakuna aliyechimbiwa kaburi.