Taa Iliyofunikwa Utepe

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alilifuta gari la mama yake. Jina hilo alipewa na Bibi, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa dereva wa kukodiwa, na gari hilo ndilo lililowalisha wote watatu. Chiriku akishafuta vioo, aliyapiga matairi teke moja moja, kama alivyoona madereva wakubwa wakifanya.

Lakini kwa siku nne sasa, tairi la nyuma kushoto hakuligusa. Aliliogopa.

Mambo yalianza na vifuniko vya valvu, pale pa kujazia upepo. Alivitoa vile vya plastiki, akaweka vya bati vinavyong'aa alivyopewa na rafiki yake. Gari likapendeza kweli. Baada ya wiki chache kimoja kikagoma kutoka. Akachukua koleo, akauma meno, akanyonga. Shina la valvu likalia kah, likalegea. Alipopaka mate, vipovu vidogo vikachomoza; upepo ulikuwa ukivuja. Akarudisha koleo mahali pake, akaufyata mdomo.

Kesho yake taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Mama akashuka, akayatazama matairi yote.

"Mbona mazima? Taa za magari ya siku hizi zina kiherehere." Akakata kipande cha utepe mweusi, akaifunika taa hiyo.

Hapo ndipo Chiriku angesema. Hakusema.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, siku ya Bibi. Macho yake yalikuwa na ukungu, na daktari wa kuyapasua alifika hospitali ya mbali mara mbili tu kwa mwaka. Bibi alitakiwa saa nne. Chiriku alikaa naye nyuma ili amshike mkono.

"Gari linavuta kushoto," Mama alinung'unika, huku akizidisha mwendo.

"Na leo Chiriku wetu kameza nini?" Bibi akauliza. "Sijamsikia tangu nyumbani."

Chiriku akaangua kilio. Akaeleza yote: vifuniko, koleo, vipovu.

Mama alisimamisha gari. Tairi lilikuwa limelala. La akiba nalo halikuwa na upepo. Wakajikokota pole pole hadi kibanda cha fundi wa tairi, njia panda.

Fundi alilitoa tairi kwenye rimu, akamwita Chiriku. "Unakiona kidude hiki cheusi? Hii ndiyo sensa. Watu huitafuta nje wasiione, kumbe imekaa humu ndani, imeshikana na shina la valvu hiyo hiyo uliyoinyonga. Inapima upepo na kulipasha gari habari. Ukipungua, taa inawaka."

"Lakini Mama aliyatazama matairi."

"Upepo unaweza kupungua sana na kwa macho ukaliona tairi zima. Na hayo mateke yenu ndiyo hayajui kitu kabisa."

"Kwa hiyo taa ilisema kweli?"

"Siku zote hizo," fundi akajibu, akaendelea kufunga valvu mpya.

Walifika hospitali saa saba. Daktari alikuwa ameshaondoka.

"Pole, Bibi," muuguzi alisema. "Labda baada ya miezi sita."

Bibi alikaa kwenye benchi. "Miezi sita," alisema taratibu. "Sijui kama nitakuwa bado nauona mlango."

Chiriku alificha uso mapajani mwa Bibi, akatamani ardhi immeze. Hakukuwa na kitu ambacho angeweza kufuta wala kukaza ili asubuhi ile irudi.

Mama alimwinua. "Taa ile tuliifunika wawili, mwanangu. Mimi kwa utepe, wewe kwa kunyamaza. Ungesema siku ya kwanza ningekufokea, fundi angetengeneza, yakaisha. Kuharibu valvu ni kosa dogo. Kunyamaza ndiko kulikotuleta kwenye benchi hili. Ila umesema kabla tairi halijapasuka, na ndiyo maana tumefika wote watatu."

Walirudi garini. Mama aliubandua utepe, akawasha gari. Taa ilimulika kidogo, kisha ikatoweka.

"Imezimika?" Bibi akauliza kutoka nyuma.

"Imezimika, Bibi," Chiriku akajibu.

"Basi uwe unaniambia kila siku," Bibi alisema, akiutafuta mkono wa mjukuu wake. "Mimi siioni."