Mtasema na Tiketi Nyepesi

Mama mmoja aliingia kwenye Mrusho wa Mwanjelwa na sufuria ya ndizi inayotoa mvuke, akatokea Oslo, na ule mvuke ulikuwa bado haujaisha. Hicho ndicho kisa walichopenda kukisimulia watu wa Mbeya kila mgeni alipouliza Mrusho ni kitu gani. Ndani yake hamkuwa na ndege wala reli. Kulikuwa na vyumba viwili tu vya milango ya kioo: chumba cha kusomea, ambacho kilikuwa Mbeya, na chumba cha kujengea, ambacho kilikuwa kokote unakokwenda. Unaingia cha kwanza, mashine inakusoma kuanzia unyayo mpaka utosi, na kabla hujamaliza kupiga chafya unatokea kwenye cha pili ukiwa umejengwa upya, mzima, na chafya yako unaimalizia ugenini.

Tupokigwe alikuwa fundi wa roboti za kuchuma chai kule Rungwe. Mkataba wake ulipoisha, alirudi nyumbani Mbeya, akamwambia mama yake kwamba anataka kuizunguka dunia, yeye na mbwa wake.

Mama yake, Subilaga, aliyasikia hayo akiwa anafua. Subilaga alikuwa anafua kila aliposhikwa na wasiwasi, na kwa kuwa wasiwasi hakuwahi kuukosa, nyumba yake ilikuwa na mashuka meupe kuliko nyumba zote za mtaa ule. Roboti ya kufulia ilikuwepo, kaipata zawadi kwa mwanawe, lakini aliitumia kuwekea beseni juu yake.

"Unaizunguka kwa hela gani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kuna tiketi nyepesi, mama. Ni kama nauli ya kwenda hapo Tunduma tu."

"Nyepesi kivipi?"

"Wanapunguza uzito."

"Uzito wa nini?"

"Wa vitu visivyo na maana. Wameandika abiria hawezi hata kugundua."

Subilaga akakamua shuka mpaka likalia. "Mimi nikinunua nyama wakanipunguzia kitu, nataka nionyeshwe walichokata. Uliwauliza wamekata nini?"

"Mama, hiyo ni elimu ya umeme, siyo bucha."

"Haya. Na mbwa wako naye wanampunguza?"

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala mlangoni, mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Aliitwa Mtasema. Tupokigwe alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, waliokuwa wakishangaa binti mkubwa kulea mbwa badala ya kulea watoto, na kila jioni alisimama uani akaliita kwa sauti ya kufika mbali. Subilaga hakulitamka hata mara moja. Kwake yule alikuwa "mbwa wako". Na kila Tupokigwe alipoingia ndani, salamu ya kwanza ilikuwa ile ile: "Unanuka mbwa. Nenda kaoge."

"Mbwa hapunguzwi," Tupokigwe alijibu. "Anasafiri kama mzigo, na sheria inakataza kugusa mzigo wa abiria."

Subilaga alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mzigo una sheria, mwenye mzigo hana."

Tupokigwe akacheka sana. Siku ile walipoondoka, mama yake alifua kila alichokiacha: mashuka, mapazia, sweta la kijani alilokuwa akilivaa shambani, mpaka mkeka wa mbwa.

Safari ilikuwa tamu. Tupokigwe alibeba begi moja, blanketi la mbwa, jiko dogo la jua, unga, na dagaa wa Kyela waliokaushwa vizuri. Mahali pa kulala hawakupatafuta. Mtasema ndiye aliyewatafutia. Walipofika mji wa Tbilisi alikwenda moja kwa moja kwenye duka la mikate, akakaa chini, akainamisha lile sikio lililolala, na mwenye duka akawapa chumba cha juu kwa wiki nzima kwa malipo ya kumchekesha mkewe. Tupokigwe aliwapikia ugali. Mwenye duka alionja, akameza kwa heshima, kisha akauliza kama ndiyo umeiva.

Huko kisiwa cha Hokkaido theluji ilimfika Mtasema tumboni. Alisimama akaitazama, akainusa, akaibwekea, kisha akaanza kukimbia duara kama mwendawazimu mpaka wazee waliokuwa wakipiga koleo wakaacha kazi. Kila mtu alikuwa na kitafsiri sikioni, kile kidude kidogo kinachogeuza lugha, kwa hiyo Tupokigwe alipoita, "Mtasema! Mtasema!" wale wazee walisikia kwa lugha yao kwamba lazima wataongea. Mmoja akavua kofia, akaanza kueleza habari za magoti yake. Tupokigwe alicheka mpaka akakaa kwenye theluji.

Kila jioni alimpigia mama yake kwenye kioo cha ukutani.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Samaki mkubwa hivi."

"Na mbona mbwa wako amekaa kule mbali?"

Tupokigwe akageuka. Mtasema alikuwa amelala upande wa pili wa chumba, juu ya begi, pua kaichomeka kwenye zipu. "Amechoka. Leo amecheza sana."

"Hapa nyumbani alikuwa analala juu ya miguu yako mpaka nikamfukuza kwa ufagio. Leo amechokea huko?"

"Mama, una wasiwasi na mbwa sasa?"

"Mimi nauliza tu," alisema Subilaga, na nyuma yake Tupokigwe aliona beseni limejaa povu.

Lakini ilikuwa kweli. Kila baada ya mrusho, Mtasema alichelewa zaidi kumjia. Alimtazama usoni, akasikiliza sauti, akatikisa mkia kidogo, halafu akaja kunusa vidole, na mkia ukaacha kutikisika. Mwanzoni alijituliza kwa nguo zilizokuwa ndani ya begi. Nazo zikafuliwa, moja baada ya nyingine, kama nguo za msafiri yeyote.

Walipofika Valparaíso, mji wa bandari wenye nyumba za rangi zilizopanda mlima, Mtasema ndiye aliyetoka kwanza, maana mizigo hutangulia. Tupokigwe alitoka akiwa amenyoosha mikono. Mbwa akamkimbilia. Akanusa magoti, akanusa viganja, akanusa shingo alipoinama. Kisha akampita, taratibu, kwa adabu, kama unavyompita mtu usiyemjua njiani, akaenda kukaa mbele ya mlango wa kioo, masikio yameelekea ndani.

Alikuwa anamngoja Tupokigwe atoke.

"Mtasema. Mimi hapa."

Sikio moja liligeuka. Macho hayakutoka mlangoni.

Mhudumu wa ukumbi ule alikuwa mama wa makamo aitwaye Marisol, mwenye miwani ya kamba. Alimletea Tupokigwe kiti. "Tiketi nyepesi?" aliuliza.

"Ndiyo. Mmenipunguza nini?"

Marisol hakuficha. Alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Juu ya ngozi ya mtu, alisema, wanaishi vijidudu visivyoonekana, vingi kuliko watu wote wa dunia, na hivyo ndivyo vinavyompa mtu harufu yake, ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Kuvisoma vyote kunakula umeme mwingi kuliko kusoma moyo na ubongo. Kwa hiyo kwenye tiketi nyepesi vinaachwa. Abiria anajengwa na ngozi safi, na nguo aliyovaa inajengwa safi pia. "Vingine vitaota," alisema. "Ngozi haikai tupu siku nyingi. Ila ukirushwa tena, tunavifuta tena."

"Vitaota vile vile vya kwangu?"

"Hapana, binti. Vitaota vya watu na vitu unavyoishi navyo. Vile vya kwanza mtu huvipata kwa mama yake, siku anayozaliwa na siku anazonyonya. Hivyo huvipati mara ya pili."

Tupokigwe alinusa mkono wake mwenyewe. Ulinuka hewa.

"Mbona hamkusema?"

"Imeandikwa kwamba hutagundua. Na kweli, wewe hukugundua." Marisol alimtazama Mtasema. "Mbwa wako hatujamgusa. Ni mzigo."

Jioni ile kwenye kioo Tupokigwe hakuulizwa kama amekula. Mama yake alimwona tu, akakaa chini.

"Mama, nitumie lile sweta langu la kijani. La shambani. Litume kama mzigo, lakini usilifue. Tafadhali, lilivyo hivyo hivyo."

Sweta lilifika asubuhi. Lilikuwa limekunjwa vizuri, limepigwa pasi, limefungwa ndani ya mfuko, na linanukia sabuni ya mche na maji ya waridi. Mtasema aliinuka alipoliona. Alikuja mbio, mkia unapiga, akachomeka pua kwenye kola, akatafuta, akatafuta kwapani, akatafuta mikononi. Akapiga chafya. Akarudi mlangoni.

"Mama, ulilifua."

Kwenye kioo Subilaga alijishika mdomo. "Nililifua siku ile ulipoondoka. Na uliposema nilitume, nikaliangalia, nikaona lina doa la chai. Nikalirudia." Alikunja upindo wa kitenge. "Niliona aibu, mwanangu. Nitatumaje nguo ya doa kwenye nchi za watu? Wataona huna mama."

Tupokigwe akatazama lile sweta lenye mikunjo iliyonyooka kama rula, na mara kicheko kikamtoka pamoja na machozi, na mama yake naye akaanza kucheka huku akijifuta kwa upande wa kitenge, na walicheka hivyo kwa muda, kila mmoja kwenye bara lake. Walipotulia, Tupokigwe akamweleza yote aliyoyasema Marisol.

Baadaye Marisol aliuliza kama amkatie tiketi nyepesi ya kurudi Mbeya. Ilikuwa imekwisha kulipiwa. Tupokigwe alifikiria mlango wa Mwanjelwa, na mbwa amekaa mbele yake mpaka anazeeka, anamngoja mtu ambaye hatatoka.

"Sirushwi tena," alisema. "Meli ya kwenda Dar es Salaam inaondoka lini?"

Mpaka siku ya meli, alikaa pale pale ukumbini, sakafuni, karibu na Mtasema lakini si karibu sana. Alijifunika blanketi la mbwa. Hakuoga. Alikaanga dagaa, akala kwa mikono, akajifuta kwenye sketi. Abiria waliorushwa kutoka Paris walizunguka upande wa pili.

"Binti," alisema Marisol siku moja, ameshika pua, "umeanza kunuka."

"Kweli?" Tupokigwe alisimama kwa furaha. "Nanuka nini?"

"Sijui. Lakini unanuka."

Alimkumbatia Marisol, jambo ambalo Marisol hakulipenda sana. Mtasema alikuwa amegeuza shingo, anawatazama.

Siku ya kuondoka hakumfunga kamba. Alilibeba blanketi begani, akatembea polepole kuelekea bandarini bila kugeuka, maana aliogopa kugeuka. Kwenye ngazi ya meli ndipo aliposikia kucha zikigonga chuma nyuma yake.

Melini alipata kazi jikoni, kumenya viazi na vitunguu kwa ajili ya mabaharia. Jiko lilikuwa na joto. Alitoka jasho lake mwenyewe, siku kwa siku, likachanganyika na moshi, vitunguu, chumvi, na manyoya ya mbwa yaliyojaa kwenye blanketi lake. Mtasema alilala kwanza mlangoni pa jiko. Kisha chini ya meza. Mchana mmoja, walipokuwa wamekwisha pita rasi ya kusini na mpishi anaimba vibaya, Tupokigwe alihisi kitu kizito na cha moto kikimwangukia juu ya mguu. Kilikuwa kidevu. Hakusogea. Aliendelea kumenya kitunguu kile kile mpaka hakikubaki kitu, na mpishi alipomuuliza analia nini, alisema ni kitunguu.

Subilaga aliwapokea stesheni ya treni Mbeya. Alikuwa amevaa kitenge cha kila siku na ameshika mfuko wenye taulo na sabuni. Aliwaona wakishuka: binti mweusi tii kwa jua, ana mafuta kwenye shavu, na mbwa mwekundu aliyegandana na mguu wake kama kiatu.

Alimkumbatia, akazika uso shingoni mwake, pale alipokuwa akimnusa tangu akiwa mchanga, kila alipoamka usingizini. Akanusa. Akatafuta. Tupokigwe alihisi jinsi mama yake anavyotafuta, akafumba macho, maana alijua anachokitafuta hakitapatikana.

Subilaga akainua kichwa. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Unanuka mbwa," alisema.

Tupokigwe akangoja yale maneno mengine. Hayakuja. Mama yake aliusukuma mfuko wa sabuni chini ya mkono, akalegeza kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakitoa, akamzungushia mwanawe mabegani na kukifunga kwa nguvu kifuani, kama anayemfunga mtoto mgongoni. Kilikuwa na doa la mboga. Kilinuka moshi wa kuni, mafuta ya mgando, jasho, na Subilaga.

Mtasema alisimama kwa miguu ya nyuma, akakinusa kitenge, akamnusa Tupokigwe, akakinusa kitenge tena. Mkia ukaanza kupiga.

"Haya, Mtasema, shuka, utamwangusha dada yako," alisema Subilaga. Kisha akainama sikioni kwa mwanawe, kwa sauti ya chini, wasije wakasikia watu wa stesheni. "Sijakifua tangu ulipopanda meli."